Thomas Young: Daktari aliyefumbua siri ya sauti mbili kuzaa kimya

MVUA ya alasiri inapoanza kupiga mabati mjini Kakamega, mwalimu aliye darasani hukatiza somo, akaweka chaki mezani na kungoja. Hakuna koo la binadamu linaloweza kushindana na kishindo hicho. Wakazi wa eneo hili, ambalo ni miongoni mwa yale yanayopata mvua nyingi zaidi nchini Kenya, wamekwisha kuzoea kwamba mvua ikinena, watu hunyamaza.

Lakini katika kituo cha matatu, huenda ukamwona kijana aliyeketi ndani ya gari linalonguruma, amejifunika masikio kwa vipokea sauti, au hedifoni kama wengi wanavyoziita, na uso wake umetulia kana kwamba yumo katikati ya msitu wa Kakamega. Hedifoni hizo, ikiwa ni za aina mpya, zina kazi ya ziada kupita kuziba masikio. Zinausikiliza mngurumo wa injini, kisha zinatoa mngurumo mwingine wa kwao, na miungurumo hiyo inapokutana sikioni, yote miwili hufifia hadi karibu kutoweka.

Kwa mtu asiyefahamu siri yake, jambo hili ni kama kiinimacho. Tangu utotoni tumejua kwamba ukiongeza sauti juu ya sauti unazidisha kelele. Yawezekanaje basi sauti ikafutwa kwa sauti?

Jibu la swali hili halikutoka katika kiwanda chochote cha elektroniki. Lilitolewa na tabibu mmoja wa Uingereza, Dkt Thomas Young, ambaye hakuwahi kuona spika wala taa ya umeme ya nyumbani, na ambaye alifariki dunia jijini London mnamo Mei 10, 1829. Na kwa kulitoa jibu hilo, alichekwa hadharani hata akakata tamaa ya kuendelea nalo.

Young alizaliwa Juni 13, 1773 huko Milverton, katika jimbo la Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto kumi. Wazazi wake walikuwa waumini wa madhehebu ya Marafiki, yaani Quaker, na hapa msomaji wa Magharibi mwa Kenya hahitaji kufafanuliwa zaidi. Tangu wamishenari watatu kutoka Marekani walipofungua kituo chao Kaimosi mnamo 1902, madhehebu hayo yameota mizizi katika eneo hili kiasi kwamba Kenya ndiyo nchi yenye Quaker wengi zaidi ulimwenguni.

Hata hivyo, ibada aliyokulia Young ingewashangaza waumini wengi wa Kaimosi na Kakamega waliozoea nyimbo na mahubiri. Quaker wa Uingereza wa siku hizo waliketi pamoja kimya, pengine kwa saa nzima, bila kasisi wala kinanda, hadi mmoja wao aguswe moyoni asimame kunena. Mtoto huyu alijifunza mapema kukaa na kusikiliza.

Sehemu kubwa ya utoto wake ilipitia mikononi mwa babu yake mzaa mama, mjini Minehead. Inasimuliwa kwamba alikuwa akisoma vizuri alipotimu umri wa miaka miwili, na kwamba kufikia umri wa miaka minne alikuwa ameimaliza Biblia mara mbili. Alipofika miaka kumi na minne alikuwa anakimudu Kilatini na Kigiriki, na kabla ya kutoka ujanani alikuwa amejitosa katika Kiebrania, Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Mswahili atatambua baadhi ya lugha hizo, kwa kuwa bila Kiarabu na Kiajemi kamusi yetu ingekuwa nyembamba sana.

Mjomba wa mama yake, Dkt Richard Brocklesby, alikuwa tabibu mashuhuri jijini London, na ndiye aliyemvuta kijana huyo katika udaktari. Young alianza masomo hayo katika hospitali ya St Bartholomew's. Mnamo 1793, akiwa angali mwanafunzi, aliwasilisha kwa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, makala kuhusu jinsi jicho linavyojirekebisha ili kuona vitu vya karibu na vya mbali. Mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mwanachama. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Kutoka hapo alikwenda Edinburgh, kisha Göttingen nchini Ujerumani, alikopata shahada yake mnamo 1796. Ni katika miaka hiyo alipoanza kujitenga na Marafiki. Alijifunza kucheza dansi, akapiga filimbi, akahudhuria michezo ya kuigiza, mambo ambayo wazee wa madhehebu yake waliyakemea.

Huko Göttingen ndiko tunakokutana na chanzo cha habari yetu. Katika kutimiza masharti ya shahada, Young alitoa mhadhara kuhusu sauti ya binadamu. Baadaye, alipotaka kuandika kwa kirefu juu ya mada hiyo, alitambua kwamba hakujua barabara sauti yenyewe ni kitu gani. Mtu mwingine angefunika kombe mwanaharamu apite. Young aliweka kando suala la koo na ulimi, akaanza kuchunguza mitetemo ya hewa.

Uchunguzi huo aliuendeleza katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alikojiunga na Emmanuel College mnamo 1797. Wenzake walimbandika jina la utani lenye maana ya Ajabu, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli. Mwishoni mwa mwaka huo Dkt Brocklesby alifariki, akamwachia nyumba jijini London na pauni 10,000, urithi uliomwezesha kusoma alichopenda.

Mnamo Januari 1800, makala yake kuhusu sauti na nuru ilisomwa mbele ya Royal Society. Miongoni mwa mambo aliyoyajadili ni jambo ambalo kila mpiga gita wa Magharibi mwa Kenya analifahamu, hata kama hajawahi kusikia jina la Young. Marehemu George Mukabi wa Kisa, aliyefariki 1963, na wote waliofuata mtindo wake wa omutibo, walilazimika kwanza kulinganisha nyuzi za gita. Nyuzi mbili zinapokaribia kulingana lakini bado hazijalingana, sikio husikia sauti moja inayopanda na kushuka, kana kwamba kuna mtu anayefungua na kufunga mlango. Kadiri nyuzi zinavyokaribiana, ndivyo kupanda na kushuka huko kunavyozidi kuwa kwa polepole, hadi kunakoma kabisa.

Chukua uzi mmoja unaotetema mara 110 kwa sekunde na mwingine unaotetema mara 112. Utahesabu mapigo mawili katika kila sekunde. Young alieleza kwamba wakati sauti inapopanda, mitetemo ya nyuzi zote mbili inaisukuma hewa upande mmoja kwa pamoja. Wakati inaposhuka, uzi mmoja unasukuma hewa mbele ilhali mwingine unaivuta nyuma, na hewa iliyo sikioni inabaki karibu imetulia. Katika nukta hiyo ndogo ya wakati, sauti mbili zimekuwa kimya.

Zaidi ya mwaka mmoja baadaye, mnamo Mei 1801, aliipanua fikra hiyo hadi katika nuru. Mfano alioupenda zaidi ulikuwa wa maji. Fikiria ziwa tulivu ambamo mawimbi mawili yaliyo sawa yanaingia katika mfereji mmoja kutoka pande mbili. Vilele vya mawimbi vikifika pamoja, maji ya mfereji yatainuka maradufu. Lakini iwapo kilele cha wimbi moja kitafika pamoja na bonde la wimbi la pili, kilele kitajaza bonde, na uso wa maji utabaki laini kana kwamba hakuna wimbi lolote lililopita. Young alidai kwamba mawimbi yote yanatii kanuni hii, yawe ya maji, ya sauti au ya nuru, na akaipa jina ambalo kwa Kiswahili leo tunaliita mwingiliano wa mawimbi.

Kwa upande wa nuru, dai hilo lilikuwa sawa na uasi. Isaac Newton, aliyefariki 1727 na ambaye Waingereza walimtukuza karibu na kumwabudu, alikuwa ameegemea wazo kwamba nuru ni chembe ndogo zinazorushwa na kitu king'aacho. Chembe mbili haziwezi kufutana. Young alikuwa anasema kwamba nuru ikiongezwa juu ya nuru yaweza kuzaa giza.

Wakati huo alikuwa profesa katika Royal Institution jijini London, ambako kuanzia 1801 hadi 1803 alitoa mihadhara 91 juu ya takriban kila tawi la sayansi. Ni lazima ikiri kalamu hii kwamba hakuwa mwalimu mzuri. Alikuwa akibana mambo mengi katika maneno machache, na wasikilizaji wengi walitoka kama walivyoingia. Mihadhara hiyo ilipochapishwa mnamo 1807 ikawa hazina, lakini watu wa zama zake hawakumtambua.

Pigo kubwa lilitoka kwingine. Young aliwahi kukosoa kazi ya hisabati ya kijana mmoja wa Edinburgh aliyeitwa Henry Brougham. Brougham alikuwa miongoni mwa waandishi wa jarida la Edinburgh Review, lililosomwa na kila aliyejiona msomi nchini humo. Kuanzia 1803 alichapisha mfululizo wa mashambulizi, bila kutia jina lake, akidai kwamba makala za Young hazikuwa na jaribio jipya wala thamani yoyote ya kisayansi. Hoja zake hazikuwa nzito, lakini ulimi wake ulikuwa mkali, na umma hupenda kucheka. Mtu huyo baadaye alipanda hadi kuwa Lord Chancellor, mkuu wa mahakama za Uingereza, mnamo 1830.

Young aliandika kijitabu cha kujitetea mnamo 1804, akaeleza tena kwa utaratibu mfano wake wa ziwa na mfereji. Kwa maelezo yake mwenyewe, nakala moja tu ndiyo iliyouzwa.

Mwaka huo huo alimwoa Eliza Maxwell na kutangaza kwamba tangu hapo angeshughulikia udaktari. Alikuwa na sababu ya kuogopa, kwani mgonjwa wa London hakumtaka tabibu ambaye magazeti yalimwita mwotaji wa ndoto. Kwa miaka mingi makala zake nyingi zilizokuwa nje ya udaktari zilichapishwa bila jina, ili wateja wasidhani kwamba akili yake iko kwingine. Kuanzia 1811 hadi kifo chake alihudumu katika hospitali ya St George's.

Ukombozi ulitoka ng'ambo. Nchini Ufaransa, mhandisi wa barabara aliyeitwa Augustin Fresnel, bila kujua alichokifanya Young, alifikia kanuni ile ile kuanzia 1815 na kuiwekea hisabati ambayo Young hakuwa ameikamilisha. Mwanasayansi François Arago, aliyemsaidia Fresnel, alimtembelea Young nchini Uingereza mnamo 1816. Fresnel alikubali kwamba Mwingereza huyo ndiye aliyetangulia. Kufikia miaka ya 1820, wanaoshikilia chembe za Newton walikuwa wanapungua mwaka hadi mwaka.

Mengine aliyoyafanya yangetosha kuwapa umaarufu watu watano. Kipimo cha ugumu wa vyuma kinachotumiwa na wahandisi hadi leo kina jina lake. Ndiye aliyebuni, mnamo 1813, jina la familia ya lugha za Kihindi-Kiulaya. Kuanzia 1814 alikuwa miongoni mwa waliofungua njia ya kusoma maandishi ya kale ya Misri yaliyo kwenye jiwe la Rosetta, ingawa ushindi kamili ulimwendea Mfaransa Champollion mnamo 1822. Alipokuwa kitandani akikaribia kufa, mikono yake ikiwa dhaifu mno kushika kalamu ya wino, aliendelea kusahihisha kamusi ya Kimisri kwa penseli. Alizikwa Farnborough, katika jimbo la Kent, kabla ya kutimiza miaka 56. Hakuacha mtoto.

Kanuni yake ilibaki vitabuni kwa zaidi ya karne moja, kwa sababu hapakuwa na chombo cha kutengeneza sauti kwa kuagizwa. Redio ilipozaa maikrofoni, kikuza sauti na spika, Mjerumani Paul Lueg aliona kwamba mfereji wa Young sasa ungeweza kujengwa kwa hewa. Aliomba hataza nchini Ujerumani mnamo 1933, na ile ya Marekani ikatolewa Juni 9, 1936. Mchoro wake ulikuwa rahisi: maikrofoni inaisikia kelele inayopita katika bomba, nyaya zinaupeleka ujumbe mbele, na spika inatoa wimbi kinyume kabla kelele yenyewe haijafika. Umeme hukimbia kwa kasi kupita sauti, ambayo husafiri takriban mita 340 tu kwa sekunde, hivyo spika ina nafasi ya kujiandaa. Vifaa vya siku hizo, hata hivyo, vilikuwa vikubwa na vyenye kasoro, na wazo hilo likalala.

Aliyeliingiza masikioni mwa abiria wa kawaida ni Amar Bose, profesa Mmarekani mwenye baba wa Kibengali, aliyefariki 2013. Mnamo 1978, akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich, alipewa hedifoni akashindwa kufurahia muziki kwa sababu ya mngurumo wa injini. Kabla ya kutua alikuwa amekwisha kuandika hesabu za kwanza. Hedifoni za marubani za kampuni yake ziliuzwa kuanzia 1989, na za wasafiri zikafuata mnamo 2000.

Tuchukue mfano wa nyumbani tuone zinavyofanya kazi. Kisiagi cha mahindi kinachoendeshwa kwa injini ya dizeli hutoa mngurumo mzito usiobadilika sana. Tuseme hewa inatetema mara 100 kwa sekunde. Wimbi la mngurumo huo lina urefu wa mita 3.4. Maikrofoni ndogo iliyo nje ya hedifoni inalisikia, chipu inalipindua ili kilele kiwe bonde na bonde liwe kilele, na spika iliyo ndani inalitoa. Mara nyingi kuna maikrofoni ya pili iliyo karibu na tundu la sikio, ambayo hukagua kelele iliyosalia na kuiarifu chipu irekebishe.

Tuseme chipu imechelewa kwa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kwa mngurumo wa kisiagi, huko ni kuchelewa kwa sehemu moja ya mia ya wimbi, na kufutana kunaendelea bila tatizo. Lakini kwa mlio mwembamba wa mitetemo 5,000 kwa sekunde, kama ule wa chuma kinachokwaruzana, muda huo huo ni nusu nzima ya wimbi. Kilele kitakutana na kilele, na badala ya kufuta, chombo kitazidisha mlio. Ndiyo maana watengenezaji huiachia elektroniki sauti nzito pekee, na sauti nyembamba huzuiwa na sponji nene inayozunguka sikio.

Mvua ya Kakamega ni adui wa namna nyingine. Kila tone linalopiga bati ni mlio wake, usiofanana na uliotangulia, na matone elfu kumi hayana mpangilio ambao chipu ingeweza kuubashiri. Hedifoni itapunguza sehemu nzito ya kishindo hicho, lakini mvua ya mawe itasikika.

Wapo wanaohofia kwamba sauti ya kufuta huliumiza sikio maradufu. Hofu hiyo haina msingi, kwani ngoma ya sikio hutikiswa na kile kinachobaki baada ya mawimbi kufutana, na kinachobaki ni kidogo. Kelele nzito ikipunguzwa kwa desibeli 20, msukumo wa hewa sikioni huwa moja kwa kumi ya ule wa awali. Hatari halisi iko kwa yule mwenye hedifoni za kawaida ambaye, ili muziki wake uushinde mngurumo wa matatu, huongeza sauti hadi mwisho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja wanahatarisha uwezo wao wa kusikia kwa mazoea kama hayo, na linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki. Aliyefutiwa mngurumo hana haja ya kuongeza. Ila avukapo barabara ya Kisumu, itambidi azivue, kwa maana injini ya lori nayo ni miongoni mwa sauti zinazofutwa.

Msomaji atauliza kwa nini basi zisiwekwe spika nne darasani ili kisiagi cha jirani kinyamaze kwa wanafunzi wote. Ziwa la Young linatoa jibu. Mawimbi mawili yanayofutana mahali pamoja hukutana kilele kwa kilele mahali pengine, kwa kuwa nguvu yake haipotei bali huhama. Mwanafunzi wa dawati la mbele angepata utulivu, na wa dawati la nyuma angepata visiagi viwili. Hedifoni hufaulu kwa sababu sikio ni mahali padogo mno, pasipo na dawati la nyuma.